Sampuli Zinazomngoja Mwanafunzi Ajaye: Barua ya Wazi kwa Seneti za Vyuo Vikuu Vinavyofundisha Uhandisi Tanzania



Shahada ya uzamili katika uhandisi wa maada endelevu inakabiliwa na tatizo ambalo halitokani na uhaba wa vipaji wala wa malighafi, bali linatokana na kalenda. Mwanafunzi hupewa takriban miaka miwili, na mwaka wa kwanza kwa kawaida humezwa na masomo ya darasani na uandishi wa pendekezo la utafiti, ilhali kitu anachokichunguza, kiwe ni zege la nguzo, kigae cha paa au ubao uliotengenezwa kwa nyuzi za mmea, kinatarajiwa kudumu miaka 50 au zaidi. Barua hii inaziomba Seneti zitumie mamlaka yao juu ya kanuni za tasnifu ili programu za uzamili ziwe na kumbukumbu ndefu kuliko muda wa mwanafunzi mmoja, kwa maana kwamba sampuli zinazofinyangwa na kundi moja zitunzwe, zirithiwe na kundi linalofuata, na kupimwa upya kwa miaka mingi.

Neno maada linatumika hapa kwa maana ya kitu chochote ambacho kwacho kingine hutengenezwa: saruji, chuma, mbao, plastiki, udongo, nyuzi. Maada huitwa endelevu pale ambapo kuchimbwa au kuvunwa kwake, kutengenezwa kwake, kutumika kwake na mwisho wake haviachi deni kubwa juu ya hewa, maji, ardhi na watu watakaokuja. Katika maelezo hayo, sehemu inayosahaulika mara nyingi ni ya kutumika, na ndiyo iliyo ndefu kuliko zote. Kigae kilichotengenezwa bila moshi lakini kikapasuka baada ya masika matatu si kigae endelevu, kwa kuwa familia italazimika kununua kingine, na moshi uliookolewa mara ya kwanza utatolewa mara ya pili.

Mfano ulio wazi zaidi ni saruji. Saruji ya Portland hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo hadi takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi, na kinachotoka tanurini ni vijiwe vigumu viitwavyo klinka, ambavyo husagwa pamoja na jasi kidogo. Kila kilo 100 za kalsiamu kaboneti zinazochomwa huachia kilo 44 za kaboni dayoksaidi kutoka ndani ya jiwe lenyewe, hata kama moto wa tanuri ungetokana na jua. Ndiyo sababu sekta ya saruji duniani hukadiriwa kuchangia asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dayoksaidi inayotokana na shughuli za binadamu, na ndiyo sababu kubadilisha nishati ya kiwanda peke yake hakumalizi tatizo. Njia iliyo karibu zaidi ni kupunguza klinka na kuweka pozolana mahali pake. Pozolana ni maada yenye silika ambayo ikichanganywa na maji matupu haishiki, lakini ikikutana na haidroksaidi ya kalsiamu inayozaliwa saruji inapoganda, hutengeneza gundi ya aina ileile inayoshikamanisha mchanga na kokoto.

Tanzania ina pozolana za aina nyingi. Mbeya na mikoa ya kaskazini ina majivu ya volkano. Vilima vya Pugu, pembeni mwa Dar es Salaam, vina kaolini, udongo mweupe ambao ukichomwa kwa nyuzi kati ya 700 na 850 hugeuka kuwa pozolana kali. Na mashine za kukoboa mpunga za Mbarali na Kilombero huacha malundo ya pumba ambazo ni takriban moja ya tano ya uzito wa mpunga, na ambazo zikichomwa kwa joto lililodhibitiwa huacha jivu lenye silika nyingi. Joto likipanda mno silika hiyo hujipanga kuwa fuwele na hupoteza uwezo wake wa kumenyuka, hivyo jivu la lundo lililoungua ovyo kando ya mashine si sawa na jivu la tanuri linaloangaliwa, ingawa kwa macho yanaweza kufanana.

Kalenda inaingia hapa. Kwa desturi, nguvu ya zege hupimwa siku ya 28 baada ya kumwagwa, na desturi hiyo ilijengwa juu ya saruji yenye klinka tele, ambayo kufikia siku hiyo huwa imekwishapata sehemu kubwa ya nguvu zake. Majivu ya volkano hayaendi kwa mwendo huo. Mmenyuko wake na haidroksaidi ya kalsiamu ni wa polepole, na mchanganyiko ulioonekana dhaifu siku ya 28 unaweza kuufikia, na hata kuupita, mchanganyiko wa saruji tupu siku ya 90 au ya 180, mradi zege limemwagiliwa maji ipasavyo. Mwanafunzi ambaye maabara ilimpa nafasi mwezi wa saba, na ambaye tasnifu yake inatakiwa kukabidhiwa mwezi wa kumi, ataripoti siku ya 28, atachora mchoro unaoonyesha kwamba kadiri pozolana inavyoongezwa ndivyo nguvu inavyoshuka, kisha atapendekeza kiwango kidogo kabisa. Namba zake ni sahihi na kazi yake ni ya uaminifu, lakini atakayeisoma miaka kumi baadaye atahitimisha kwamba majivu ya kwao hayafai.

Kipimo cha nguvu, tena, ni sehemu ndogo ya habari yenyewe. Nondo ndani ya zege hulindwa na ualkali mkali wa zege hilo, na ulinzi huo huvunjwa kwa njia mbili: kloridi ya chumvi ya bahari inayopenya taratibu, na kaboni dayoksaidi ya hewani inayoingia kutoka usoni mwa zege na kuupunguza ualkali. Pozolana nzuri huziba vinyweleo vya zege na kuzuia kloridi, jambo ambalo ni neema kwa nyumba za Tanga, Mtwara na Unguja. Lakini kwa kuwa pozolana hiyohiyo hula haidroksaidi ya kalsiamu, akiba ya ualkali hupungua, na kaboni dayoksaidi inaweza kusonga mbele kwa kasi zaidi, hasa pale ambapo zege halikumwagiliwa vya kutosha. Mchanganyiko unaofaa ufukweni unaweza kuhitaji kurekebishwa kwa ajili ya Dodoma. Wanasayansi hulijaribu swali hili kwa kuharakisha, yaani kwa kuweka sampuli katika sanduku lenye kaboni dayoksaidi nyingi kuliko ya kawaida, na majaribio hayo yana manufaa yake. Hata hivyo sanduku halina masika wala kaskazi, na namba inayotoka humo inabaki ni makisio mpaka ilinganishwe na sampuli iliyokaa nje miaka mingi katika hewa ya mahali husika.

Mkonge unaeleza jambo hilo kwa uchungu zaidi. Mmea huu uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ambapo kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, na kutoka miche hiyo yakachipuka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kabisa wa katani duniani, kwa mavuno yaliyofikia takriban tani 230,000 mwaka 1964. Kamba za plastiki zilipoingia sokoni, bei ilianguka, na wahandisi wakaanza kutafuta matumizi mapya ya nyuzi hizo. Wazo la kuzitia katika vigae vya saruji, ili kigae kisipasuke ovyo, lilikuwa zuri na lilitoa vigae imara siku ya kutengenezwa. Mwaka 1983 mtafiti Hans-Erik Gram wa taasisi ya utafiti wa saruji na zege ya Uswidi alionyesha kwa nini uimara huo haukudumu: maji yenye ualkali yaliyomo katika vinyweleo vya saruji huyeyusha lignini na hemiselulosi, gundi za asili zinazoshikamanisha chembe za uzi wa mkonge, na uzi uliokuwa unanyumbulika hugeuka kuwa mkavu na kukatika. Alionyesha pia kwamba sehemu ya saruji ikiondolewa na kuwekwa silika laini sana, ualkali hupungua na uzi hudumu zaidi.

Anayeisoma habari hiyo akiwa Tanzania anaona mara moja kiungo kinachokosekana. Silika ya jivu la pumba za mpunga ni ya aina inayoweza kufanya kazi hiyo, mkonge uko Tanga, mpunga uko Mbeya na Morogoro, na swali la kama kigae cha mkonge, saruji na jivu la pumba kitadumu miaka 20 juu ya paa la Korogwe ni swali la kitanzania kabisa. Lakini ni swali la miaka 20, na hakuna mwanafunzi wa uzamili anayeweza kulijibu peke yake, wala hakuna msimamizi mwenye busara atakayemruhusu alijaribu chini ya kanuni zilizopo.

Kuna njia ya pili ya mkonge, isiyopita kwenye saruji. Mwaka 1992 Elifas Bisanda, ambaye baadaye alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, pamoja na Martin Ansell wa Chuo Kikuu cha Bath, walichapisha utafiti juu ya maada mseto ya mkonge na mafuta ya maganda ya korosho. Maada mseto ni muungano wa vitu viwili vinavyobaki vikitofautiana ndani ya kitu kimoja, kimoja kikibeba mvutano na kingine kikishikamanisha, kama udongo na fito katika ukuta wa nyumba ya miti. Mafuta ya ganda la korosho, yale yale yanayowababua mikono wabanguaji, yana fenoli za asili zinazoweza kugeuzwa kuwa gundi ngumu isiyoyeyuka, na uzi wa mkonge una wepesi ambao uzi wa kioo hauna. Hivyo mkonge wa Tanga na korosho za Mtwara huungana katika ubao mmoja. Hata hivyo, sehemu kubwa ya korosho ghafi ya kusini huuzwa India na Vietnam ikiwa na maganda yake, na mafuta huondoka nayo. Tangu utafiti huo uchapishwe imepita zaidi ya miaka 30. Kama vipande vichache vya ubao ule vingefungwa ukutani nje ya maabara mwaka 1992 na kupimwa kila baada ya miaka mitano, leo ingejulikana jinsi gundi ya korosho inavyostahimili jua na unyevu wa pwani, na mwekezaji anayeuliza angejibiwa kwa takwimu za hapahapa.

Si kwamba nchi tajiri pekee ndizo zinazoweza kufuatilia jambo kwa miaka mingi. Saruji iitwayo LC3, ambayo nusu yake ni klinka na iliyobaki ni takriban asilimia 30 ya udongo wa kaolini uliochomwa, asilimia 15 ya mawe ya chokaa yasiyochomwa na asilimia 5 ya jasi, ilikuzwa kwa ushirikiano wa Karen Scrivener wa taasisi ya EPFL ya Lausanne, Fernando Martirena wa Chuo Kikuu cha Las Villas nchini Cuba, na vyuo vya India. Cuba, nchi yenye uhaba wa karibu kila kitu, ilifanya jaribio la kiwandani mwaka 2013. Ulaya ilitoa kiwango kinachoruhusu saruji ya namna hiyo mwaka 2021. Kati ya maabara na kiwango hicho yamepita makundi mengi ya wanafunzi, kila moja likiendeleza kazi liliyoikuta, na bila mwendelezo huo udongo uliochomwa ungebaki kuwa sura ya nne katika tasnifu ya mtu mmoja.

Pwani ya Waswahili yenyewe ina sampuli zilizokaa nje karne kadhaa. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 kwa matumbawe na chokaa, na nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zilifuata ufundi wa ukoo huohuo, zikiwa na dari za boriti za mikoko ambazo urefu wake ndio ulioamua upana wa chumba. Chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hurudi kuwa jiwe kwa kuvuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani, tena kwa taratibu sana, na ukuta wake hupumua, kwa maana kwamba unyevu unaoingia hupata njia ya kutoka. Ukuta huo ukipigwa plasta ya saruji ngumu, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na jiwe huanza kumomonyoka nyuma ya uso unaoonekana mzima. Majengo ya ukoo huo yanaweza kuanguka: Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883, lilibomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Hakuna anayependekeza matumbawe yachimbwe upya au mikoko ikatwe kwa ajili ya tanuu za chokaa, kwa kuwa bahari haina tena matumbawe ya ziada ya kuchoma. Kinachopendekezwa ni kwamba kuta hizo zisomwe kama kumbukumbu ya maabara: zipimwe vinyweleo, kina cha chumvi na hali ya chokaa, na mwanafunzi wa uzamili apewe heshima ya mtafiti kamili kwa kupima kitu ambacho hakukifinyanga yeye.

Heshima hiyo ndiyo hasa inayohitaji uamuzi wa Seneti. Kanuni za tasnifu hudai uhalisi, na wanafunzi huelewa dai hilo kuwa ni amri ya kutafuta mchanganyiko mpya ambao haujawahi kufanywa. Matokeo yake ni tasnifu nyingi za michanganyiko mingi, kila mmoja ukiwa umepimwa mara moja na kuachwa. Seneti zinaombwa zitamke, kwa maandishi na ndani ya kanuni zenyewe, kwamba kupima upya sampuli zilizoachwa na watangulizi, kulinganisha matokeo na yale waliyoyatabiri, na kueleza kwa nini yametofautiana, ni mchango halisi unaotosha shahada ya uzamili. Msimamizi asilazimike kujitetea mbele ya mtahini wa nje kwa sababu mwanafunzi wake ameendeleza badala ya kubuni.

Gharama yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mchemraba wa zege wa milimita 150 kila upande una uzito wa takriban kilo 8, na michemraba 60, ambayo inatosha kuvunjwa kidogokidogo kwa miaka 20, haifikii nusu tani na inakaa katika kona ya ua. Kinachohitajika zaidi ni viwanja vitatu au vinne vilivyowekewa uzio, kimoja kando ya bahari ambako upepo una chumvi, kimoja Dodoma au Singida penye ukame, kingine katika baridi na mvua ya Rungwe, na pengine kimoja Unguja kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Muhimu kuliko uzio ni daftari, pamoja na nakala yake ya kielektroniki, lenye mtunzaji wa kudumu ambaye ni mwajiriwa wa chuo na si mwanafunzi, kwa sababu sampuli isiyojulikana imetengenezwa lini na kwa nini ni kifusi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ya Arusha na Chuo Kikuu Ardhi vinaweza kutumia daftari moja, na ni busara Shirika la Viwango Tanzania lialikwe tangu mwanzo, kwani kiwango cha taifa hujengwa juu ya takwimu za namna hiyo.

Tathmini ya mzunguko wa uhai, yaani hesabu ya athari zote za kitu tangu machimboni hadi mwisho wake, nayo itanufaika. Hesabu hiyo, inayoongozwa na viwango vya ISO 14040 na 14044, huanza kwa kuchagua kipimo cha huduma, kwa mfano mita moja ya mraba ya ukuta inayodumu miaka 50; pasipo kujua uhai halisi wa ukuta, hesabu nzima husimama juu ya makisio. Vilevile hifadhidata za kimataifa zinazotumika zimejaa takwimu za viwanda na umeme wa Ulaya, wakati umeme wa Tanzania sasa unategemea kwa sehemu kubwa maji ya Rufiji kupitia bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na majivu ya Mbeya husafiri zaidi ya kilomita 800 kwa lori kufika Dar es Salaam, ambako kaolini ya Pugu ingeweza kuwa jibu jepesi zaidi.

Jambo moja zaidi haliwezi kuachwa. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza na hupima vitu kwa kilo katika mita ya ujazo, lakini mtu anayechanganya zege hupima kwa mfuko wa kilo 50, ndoo na karai, na huzungumza Kiswahili. Kila tasnifu ya maada za ujenzi ingepaswa kuwa na kurasa mbili za Kiswahili zinazomweleza fundi uwiano kwa ndoo, siku za kumwagilia maji, na mahali ambapo mchanganyiko huo haufai. Kurasa hizo zitahiniwe kama sehemu nyingine za tasnifu, na ikiwezekana mwalimu kutoka Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) awe mmoja wa wasomaji wake, kwa maana atagundua kasoro ambazo profesa hatazigundua.

Ombi hili linawasilishwa mbele ya Seneti kwa heshima, pamoja na pendekezo la mwanzo mdogo: kundi la kwanza litakalokubali lifinyange michemraba 60 ya mchanganyiko mmoja tu wa pozolana ya kwao, wavunje wenyewe ile ya siku ya 28, 90 na 180, na iliyobaki waiandike kwa rangi isiyofutika tarehe, uwiano, mahali ilikotoka pozolana na jina la mfinyanzi, kisha waikabidhi kwa mtunzaji wa daftari, ambaye ataivunja michache mbele ya kundi la mwaka wa pili, wa tano, wa kumi na wa ishirini.